Picha ya Mama Mkubwa Ambayo Hamtaiona

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali hilohilo: picha iko wapi? Aliyezidi wote ni mwalimu mwenzangu aliyeniazima kamera. Yeye anaona ana haki ya kuiona kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kamera ni yake. Nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye foleni ya sukari, huyu akisikia mwanzo na yule akisikia mwisho, halafu wanakutana na kuniungia habari nisiyoisema. Kwa hiyo nawaandikia yote kwa mara moja, na mkimaliza mtajua kwa nini mnapoteza muda wenu kuniuliza.

Kwa wasiojua, mama yangu ni mtu wa Igowole, kule Mufindi. Aliolewa na Mnyakyusa akaletwa huku Mbeya, na dada yake wa pekee, mama mkubwa wetu, akabaki kwao. Miaka mingi hawajaonana. Nyonga ya mama haivumilii tena kiti cha basi. Mama mkubwa naye alipanda gari mara moja tu maishani, akatapika mpaka akaapa kwamba mahali asipoweza kufika kwa miguu yake basi hapamhusu.

Mwaka huu jicho moja la mama limefunga kabisa, na la pili limeanza kuingia ukungu. Siku moja tukichambua mchele aliniambia haogopi giza, ila anataka aingie nalo akiwa na sura ya dada yake. Sura aliyonayo ni ya msichana mwenye meno yote. Nilimwahidi palepale. Sikujua nimeahidi nini.

Kutoka Mbeya hadi Usangu

Basi liliondoka asubuhi, baridi ya Juni ikitugonganisha meno. Nilikuwa nimeifunga kamera kwenye kanga na kuiweka mapajani. Ujinga wangu ulikuwa kuifungua nione kama haijaingia vumbi. Kabla hatujafika Igurusi basi zima lilishajua kuna mpiga picha ndani. Mama mmoja alitaka nimpige na kuku wake. Kijana mmoja alitaka apigwe ameshika usukani kama yeye ndiye dereva, na dereva akakubali, nikakataa mimi kwa niaba ya abiria wote. Filamu yenyewe sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutumika kwenye ubatizo wa mtoto wa mwenye kamera, na kilichobaki kilikuwa cha kubana sana.

Tulipopita Chimala basi likakohoa, likasimama, utingo akaingia uvunguni na hakutoka. Jua la Usangu si la mchezo. Wale tuliokuwa tunatetemeka asubuhi sasa tulikuwa tunavua sweta. Abiria wachache tuliomba maji kwenye mji wa Wasukuma, watu waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Wakatupa maji, wakatupa maziwa ya mgando, na mwisho wakatupa wali, wakitucheka kidogo kwa jinsi tulivyoyashambulia yale maziwa.

Ng'ombe walipoanza kushuka kunywa maji, mbuga nzima ikajaa pembe. Nikainua kamera, nichungulie tu. Mwenye mji, mwanamume bado kijana mwenye kofia ya pama, alikuja taratibu akasimama mbele ya kioo cha kamera. Hakukasirika. Alisimama huku anatabasamu mpaka nikaishusha. Akaniambia yeye mwenyewe naweza kumpiga hata sasa hivi, lakini ng'ombe, hapana. Mnanijua nilivyo. Nikaanza kumfundisha kwamba picha haimpunguzii ng'ombe chochote, si maziwa wala nyama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Mwalimu, mimi nina mdomo," akasema. "Ukiniudhi nitakwambia. Ng'ombe hana. Kwa hiyo mdomo wake ni mimi, na amekataa."

Abiria mwenzangu alininong'oneza kwamba ng'ombe walio kwenye picha mtu yeyote anaweza kukaa chini akawahesabu, na huku hakuna anayeuliza mwenzake ana ng'ombe wangapi. Nikakumbuka kabati langu la vyakula. Siku hizi za foleni, mtu akija kulipiga picha nitamtoa na mwiko. Nikafunga somo.

Yule bwana sasa akataka zamu yake. Aliingia ndani akakaa muda mrefu, akatoka na koti zito la sufi katika joto lile, baiskeli mkono huu na redio mkono huu. Akamwuliza mke wake kama anakuja. Mke wake, aliyekuwa anatwanga, alisema hataki, akaendelea kutwanga. Mume hakurudia kumwuliza. Alirudi peke yake, akasimama wima, akakunja uso kama mtu anayesomewa mashtaka, nikampiga. Nilipomwambia nitapita tena nikirudi, alisema atanisubiri na koti hilohilo.

Darajani

Basi lilipopona lilikwenda kidogo tu, likafia mbele ya daraja. Mahali pote pa kufia duniani, likachagua daraja. Mgambo aliyekuwa akililinda alikuja na rungu lake, akapita akiangalia mizigo, na macho yake yakatua kwenye kanga yangu.

Kamera karibu na daraja, mnajua wenyewe mambo yalivyo. Akataka niifungue aone nilichokwisha kupiga. Nikamweleza kwamba ukiifungua mwanga unaingia na kila kitu kinaungua, hata mtoto wa watu aliyebatizwa atapotea. Hakujali. Nikatoa ile sauti yangu ya darasa la saba. Nayo hakuijali. Niliona safari yote inaishia pale kwenye mkono wa mtu asiyejua kifuniko kinafungukia wapi.

Basi nikamwambia ukweli kama ulivyo: macho ya mama, na dada yake wa Igowole.  Akauliza ni jicho gani lililotangulia, la kulia au la kushoto, na mimi nikajua kwao pia kuna mtu. Akaamua kamera ivuke, lakini mikononi mwake. Mngemwona. Alivuka daraja lile kwa miguu, amekumbatia kanga yangu kama mtoto mchanga, na basi lililokuwa limeamka likimfuata nyuma polepole, sisi sote tukichungulia madirishani.

Alipofika ng'ambo alinirudishia, akakohoa, akasema kama sitajali angependa na yeye apigwe moja, ila daraja lisionekane. Tulimgeuza kila upande na daraja likawa linachomoza tu, mara begani, mara sikioni. Mwisho alisimama mbele ya kichuguu. Nilipozungusha filamu baada ya hapo, namba ya nyuma ilinionyesha imebaki picha moja tu. Nililala Makambako nimeiweka kamera chini ya mto, tumbo limejaa viazi, moyo hauna raha.

Mafinga hadi Igowole

Kutoka Mafinga nilipata lori la mbao. Ukungu wa Mufindi ulikuwa mzito hata dereva alikuwa anaendesha kwa kukumbuka. Niliposhuka Igowole nilitaja jina la mama mkubwa, jina lake kamili la ubatizo, na watu wakatazamana. Nikataja la marehemu mume wake. Hapo mwenye duka akacheka akasema, "Kumbe unamtafuta Agosti," akanionyesha njia. Nikadhani ni jina la utani la siku nyingi.

Mama mkubwa alinipokea kwa salamu za "kamwene" nyingi hata nikashindwa kuzijibu zote, akaniangalia juu mpaka chini akasema nimekonda, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia. Tulikula ugali na njegere karibu na moto. Alicheka sana habari za mgambo na kichuguu. Basi nikaona saa ndiyo hii, nikamweleza kilichonileta, habari ya macho ya mama bila kuficha, nikaifungua kanga.

Uso wake ukafunga. Alisimama akaenda kwenye sanduku, akarudi na karatasi ngumu ya rangi, akanipa.

Ilikuwa ukurasa wa kalenda, mwezi Agosti. Inaonyesha bonde, na katika bonde vinyungu, yale matuta ya mbondeni wanayolima wakati wa kiangazi. Katikati ya matuta mtu ameinama na jembe, kavaa koti la kiume lenye tundu mgongoni. Uso hauonekani. Kinachoonekana kwanza kabisa ni makalio, yameelekezwa mbinguni. Chini pameandikwa: Mkulima mwenye furaha.

"Nilisikia mlio nyuma yangu, ka," alisema mama mkubwa. "Nikadhani panzi. Kugeuka, naona gari la wageni linaondoka. Mwanangu, siku ile nilikuwa nalia. Baba yenu mkubwa tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia, na koti ni lake."

Mwaka uliofuata kalenda zikaja, zikagawiwa bure. Agosti ilipoingia alijikuta dukani, akajikuta zahanati, akajikuta ukutani kwa kila jirani aliyekwenda kumsalimia. Koti lile watu walilijua. Alivumilia akijua mwezi utakwisha. Mwezi ukaisha, na mwaka ukaisha, lakini karatasi ilikuwa ngumu na nzuri, wazazi wakaitumia kujalidia madaftari ya watoto. Jumapili moja kanisani mtoto wa benchi la mbele alifungua katekisimu yake, na mama mkubwa akasali misa nzima akiangalia makalio yake mwenyewe.

Nilijizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka machozi, na yeye akacheka, tukawa tunashikana mikono kama wasichana.

"Cheka tu, hata mimi nacheka," alisema alipotulia. "Lakini hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia leo nalia, njoo kesho." Akaukunja ukurasa. "Mdogo wangu nampenda, mwambie hivyo. Ila nimeshakuwa Agosti. Sitaki kuwa Septemba."

Igowole, siku zilizofuata

Nilikaa. Nilichota maji, nilipalilia, nilipika. Sikugusa tena habari ya picha, lakini kamera niliitembeza kila mahali, maana nyumba ilikuwa haina kufuli. Msiniulize nilikuwa natumaini nini.

Asubuhi moja ukungu uliondoka mapema. Mama mkubwa alikuwa kizingitini anamenya njegere, nami nyuma yake kidogo, ubavuni, nimekalia kigoda. Alikuwa ananisimulia jinsi yeye na mama walivyomfungia mbuzi wa katekista jikoni walipokuwa wadogo, na alipofika mahali ambapo mbuzi anatoka na sufuria kichwani, alirudisha kichwa nyuma akacheka kinywa chote wazi. Jua lilikuwa usoni mwake. Ilikuwa sura ileile mama anayoisimulia, ila imepungua meno.

Kamera ilikuwa mapajani kwangu. Haikuhitaji hata kuinuliwa sana. Nilifikiria jicho la mama lililobaki, nikafikiria barabara yote ile, na kidole changu kilikuwa kimekwisha kufika mahali pake. Alikuwa hana hili wala lile. Angejuaje? Nilimwona yule Msukuma amesimama mbele ya kioo anatabasamu. Nikaona hata nikimpelekea mama sura hiyo, nitakuwa nimempelekea Agosti nyingine, tofauti ni kwamba hii imegeuka. Nikaichukua ile kanga nikaifunga kamera, nikafunga na fundo. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Jioni mama mkubwa alinimiminia chai, akakaa.

"Asubuhi nilipokuwa nacheka ulikuwa nayo mapajani," akasema. "Kile kidude kina mlio, naujua. Nilicheka huku nasikiliza. Sikuusikia."

 Akaniambia kesho atapigwa, lakini kwa masharti yake. Atakaa anavyotaka na kuvaa anavyotaka. Ikisafishwa aione yeye kwanza, na asipoipenda iingie motoni, safari yangu iwe imekwisha. Akiipenda, ni ya mdogo wake peke yake, na lile jani jeusi ambalo picha hutokea kwake libaki sandukuni Igowole. Nikakubali yote.

Kesho yake alijiandaa tangu asubuhi. Hapo ndipo mnapoachwa nje, ndugu zangu. Alivaa nini, alikaa wapi, alishika nini mkononi, hayo ni yake. Nitasema tu kwamba kabla ya kubonyeza nilimwuliza, "Tayari?" naye akajibu, "Subiri," na mara ya pili nilipouliza akajibu, "Sasa."

Iringa, Mlandege

Kusafisha filamu ilibidi niende Iringa mjini. Pale Mlandege nilipata studio ya fundi mmoja mchangamfu, mwenye dirisha la kioo lililojaa watu: maharusi, wanafunzi waliofaulu, mama wa miwani ya jua. Nilimwambia nitamsubiri palepale dukani mpaka amalize. Alicheka, akaniambia picha haziibwi. Nikakaa hivyohivyo, nikala mahindi ya kuchoma kwenye benchi lake.

Alipotoka kwenye chumba chake cha giza alikuwa ameshika picha ya mama mkubwa kwa ncha za vidole, na hakuwa anacheka tena. Aliniuliza nani aliipiga. Akasema amefanya kazi hii muda mrefu na hajapata uso kama huo. Mimi, badala ya kufurahi, nilisimama nikachungulia ndani, na kwenye kamba nikaona nyingine inakauka, ileile. Nikauliza ya pili ni ya nani. Akajibu, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba ni ya dirishani. Ndivyo anavyofanya kazi, picha nzuri huitoa mbili, moja ya mteja na moja ya kioo.

Tulibishana mpaka muuza mahindi akaja kusikiliza. Nilimwuliza kama wale wa dirishani aliwaomba. Alishangaa. Hakuna aliyewahi kulalamika, alisema. Wanaleta hadi ndugu zao waje wawaone. Nikamwambia huyu hana ndugu wa kumleta, ana mdogo mmoja tu, na ameshaning'inizwa mwezi mzima. Nikamsimulia ya kalenda. Alitazama ile picha, akatazama dirisha lake, akatazama tena picha. Kisha akaenda mwenyewe kuitoa ile kwenye kamba, akanikabidhi zote mbili na jani lake.

"Haya," alisema kinyonge, "lakini katikati ya kioo nilikuwa nimeshamwekea nafasi. Sasa nafasi hiyo nimweke nani?"

Nikamwambia aniweke mimi. Msicheke. Alinikalisha kwenye kiti chenye maua ya plastiki, nami nikiwa bado na joto la ugomvi. Mkipita Mlandege mtaniona pale katikati, mwalimu aliyekasirika kati ya maharusi wawili. Nimeruhusu, tazameni mtakavyo.

Igowole tena, na nyumbani

Mama mkubwa alinawa mikono kwanza, akaifuta, ndipo akapokea. Kumbukeni mama huyu alikuwa hajapata kuona uso wake kwenye karatasi; picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya upande wa pili. Aliitazama muda mrefu, moto ulikuwa jirani, nami nilikuwa naangalia ule moto.

"Kumbe nimekuwa mama yetu," alisema. Hakulia. Akanirudishia moja, nyingine akaiweka sandukuni pamoja na lile jani, juu ya ule ukurasa wa kalenda.

Kurudi sitawachosha. Mgambo alipokea picha yake akaulizia tena daraja, nikamwapia halimo. Msukuma hakuwa amevaa koti. Mke wake alimcheka mbele yetu sote kwa jinsi alivyokunja uso, kisha akaichukua picha akaificha kifuani.

Mama alikuwa amekaa dirishani niliposhuka. Nikamwekea picha mkononi. Aliisogeza kwenye lile jicho lililobaki mpaka karibu iguse kope, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza kidogo, akaituliza.

"Mama," akasema.

 Nilidhani nimechelewa, jicho halimtambui tena mtu. Nikamwambia taratibu kwamba huyo ni dada yake.

"Najua ni dada," alisema, machozi yanamtoka lakini uso unacheka. "Unadhani simjui dada? Lakini mwangalie vizuri. Ni mama."

Sasa inakaa chini ya mto wake. Anaitoa asubuhi mwanga ukiwa mzuri, na mtu akibisha hodi anaifunika na kanga kabla ya kuitikia. Kwa hiyo mwenye kamera asinikasirikie. Kamera yake imerudi nzima, na mtoto wake aliyebatizwa ametoka vizuri sana.

Nilipokuwa naagana na mama mkubwa nilimwambia nina marafiki Mbeya ambao hawatanipa nafasi ya kupumua, wataniuliza kila kitu. Nikamwomba aniambie kipi naweza kuwasimulia na kipi niache. Alifikiri, huku ananifungia njegere za kumpelekea mdogo wake.

"Ya Agosti waambie," alisema. "Hiyo wameshaiona wote."